Si kamera na mrembo tu

Tangu Serikali ihamie Dodoma, maduka ya nguo za ofisini na za sherehe yamezidi kuongezeka, na kila mwenye duka anataka tangazo "kama la Louis Vuitton", chapa ya kifahari ya Ufaransa. Anaitwa kijana mwenye kamera, analetwa mpwa mrembo, safari ya Nyerere Square jioni. Picha zinatoka safi, ila hazifanani na zile za chapa kubwa. Tatizo ni dhana potofu tulizonazo kuhusu matangazo hayo yanavyotengenezwa. Hizi hapa.

Dhana: Kazi yote ni ya mpiga picha na mwanamitindo.
Hao huitwa mwishoni. Kwanza mkurugenzi wa ubunifu huamua msimu huu chapa inasimulia nini, kisha mkurugenzi wa sanaa hulipatia wazo hilo sura. Wapo pia anayetafuta wanamitindo, stailisti (anayepanga mavazi), msusi, mpambaji wa uso, mjenzi wa mandhari, na mtayarishaji anayehangaika na vibali na chakula cha watu wote hao. Mbunifu Karl Lagerfeld alibuni nguo za chapa ya Chanel na kuanzia 1987 akapiga mwenyewe picha za kampeni zake, yaani matangazo yake, lakini wa namna yake ni wachache mno.

Dhana: Lazima awe kijana na mrembo.
Hii ndiyo inayotugharimu zaidi. Mwaka 2007 Louis Vuitton, kupitia wakala wa matangazo Ogilvy & Mather, ilimweka Mikhail Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Umoja wa Kisovieti, kiti cha nyuma cha gari, begi ubavuni, mabaki ya Ukuta wa Berlin yakionekana dirishani. Mpiga picha alikuwa Annie Leibovitz. Mwaka 2015 chapa ya Céline ikamchukua mwandishi wa Marekani Joan Didion, miaka 80, na miwani yake myeusi. Picha yake ilipigwa na Juergen Teller. Hakuna aliyechaguliwa kwa ujana wake. Walichaguliwa kwa maisha waliyoyapitia, na mtazamaji anayajua. Mimi ningemvalisha shati la kitani mkulima wa zabibu wa Hombolo, mzee mwenye mikunjo yake, kabla ya kumfikiria mpwa wa mtu.

Dhana: Gauni la kwenye tangazo linamkaa mwanamitindo hivyo hivyo.
Mara nyingi ni sampuli ya saizi moja, imebanwa mgongoni kwa pini na vibanio. Baadaye picha hurekebishwa kwenye kompyuta. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha ya tangazo iliyobadilishwa umbo la mwili wa mwanamitindo lazima iandikwe kuwa imerekebishwa. Kwa hiyo fundi cherehani wa Majengo asigombezwe bure.

Dhana: Wanauza gauni.
Wengi wanaoliona hawatalinunua. Watanunua manukato, miwani, pochi.

Dhana: Bila mamilioni haiwezekani.
Fedha zina kazi yake, tusidanganyane. Ila wazo lililoandikwa kwenye karatasi moja kabla ya kumpigia simu mpiga picha halina gharama, na kulikwepa jua la saa saba mchana wa Dodoma ni bure kabisa. Na mpwa akija, aandikiwe malipo yake, picha zitatumika wapi na kwa muda gani. Kwenye kampeni kubwa mwanamitindo hulipwa kwa masharti hayo, na muda ukiisha chapa ikitaka kuendelea, inalipa tena.