Gari Likigoma Kuchanganya: Pima Kwanza, Ndipo Ununue Kipuri

Dereva anakanyaga mafuta ili alipite lori kwenye kilima. Injini inanguruma, gari linajikokota. Kesho yake anakwenda gereji, anaambiwa anunue plagi. Plagi zinafungwa, gari liko vilevile. Anaambiwa koili, kisha pampu ya mafuta. Fedha zimekwisha na ubovu upo palepale. Katika chuo chetu cha ufundi, mwanafunzi wa umekanika haruhusiwi kushika spana kabla ya kujibu maswali machache, na mengi kati ya hayo hata mwenye gari anaweza kujiuliza mwenyewe.

Tazama kwanza mshale wa mizunguko ya injini. Ukikanyaga, je, mshale unapanda upesi huku mwendo hauongezeki? Basi injini ina nguvu, ila nguvu hiyo haifiki kwenye matairi; angalia klachi au giaboksi. Magari mengi madogo yanayoagizwa kutoka Japani yana giaboksi ya CVT, inayofanya kazi kwa mkanda wa chuma na kutaka mafuta yake maalumu. Ukiiwekea hydroliki ya kawaida, mkanda huanza kuteleza na giaboksi huharibika kabisa.

Kama mshale wenyewe unapanda kwa taabu, usikimbilie injini bado. Baada ya safari fupi ambayo hukufunga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, breki ya gurudumu hilo inashika. Kumbuka pia mwinuko: injini isiyo na tabo (turbo, pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, au Mombasa kwenda Nairobi, hufika kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Uzito anaousikia huko unatokana na hewa kuwa nyepesi, na hakuna kipuri kitakachouondoa.

Sasa gari lipimwe kwa mashine inayosoma kompyuta yake. Soketi ya kuchomeka mashine hiyo ina pini 16 na kwa kawaida iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu fundi husoma kodi, yaani namba ya hitilafu, na kuishia hapo. Chukua P0171: maana yake ni kwamba hewa imezidi kulinganisha na petroli. Wengi wakiiona hubadilisha sensa ya oksijeni, ilhali mara nyingi sensa hiyo ni nzima na inatoa taarifa ya kweli. Mwombe fundi afungue data za injini ikiwa inaunguruma, aangalie asilimia ya marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Injini nzima hukaa karibu na sifuri, kati ya -5 na +5. Ikisoma +20 gari likiwa limesimama, kisha ikashuka ukipandisha mizunguko hadi 2,500, kuna mpira au gasketi inayovuta hewa pembeni. Ikiwa karibu na sifuri gari likiwa limesimama, halafu ikapanda linapobeba mzigo au kupanda mlima, shuku sensa ya kupima hewa iliyochafuka, au petroli isiyofika ya kutosha kwa sababu ya pampu au chujio. Sensa ya hewa huoshwa kwa dawa yake ya kupuliza. Usiifute kwa kitambaa, waya wake ni mwembamba mno.

Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima mfululizo huku gari likimisi, yaani silinda ikikosa kuwaka, punguza mwendo na utafute fundi siku hiyohiyo. Petroli isiyoungua huingia kwenye masega ya eksozi yanayosafisha moshi (katalitiki), huungulia humo na kuyayeyusha. Yakiziba, gari huondoka vizuri, kisha hukosa pumzi mwendo unapoongezeka. Kizibo hicho hupimwa: fundi hufungua sensa ya oksijeni ya mbele na kufunga geji mahali pake. Shinikizo likizidi psi 3 kwenye mizunguko 2,500, eksozi haipumui. Kuyatoboa masega na kuyamwaga, kama inavyofanyika katika gereji nyingi, kunawapa watoto wetu moshi wenye sumu wavute, na chanzo cha kumisi kinabaki ndani ya injini.

Wakati mwingine kanyagio lenyewe ndilo tatizo. Katika magari ya sasa halina waya wa kuvuta. Lina sensa mbili zinazokaguana. Zikitofautiana, kompyuta huibana injini kwa usalama, na gari hutambaa hata ukikanyaga hadi chini. Kodi P2138 huonyesha jambo hilo. Kagua kiunganishi cha nyaya zake kabla ya kununua kanyagio jipya.

Kama uzito ulianza mara tu baada ya kujaza tangi, fikiria mafuta yaliyochakachuliwa. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga ndani ya silinda. Sensa ya kusikiliza mlio huo wa kugonga huusikia, na kompyuta huchelewesha cheche ili kuilinda injini. Nguvu hushuka ingawa kila kipuri ni kizima. Toa mafuta hayo, tunza risiti ya kituo, na upeleke malalamiko kwa mamlaka ya udhibiti wa nishati: EWURA ukiwa Tanzania au EPRA ukiwa Kenya.