Kasi ya waya na kompyuta katika kurekodi kwaya nyumbani

Vijana wanaofika kwenye chumba changu cha kurekodia hapa Mwanga, mjini Kigoma, karibu wote huniuliza kama kadi ya sauti (kifaa kinachoingiza sauti za maikrofoni kwenye kompyuta) ya USB 2.0 inaweza kubeba kwaya nzima, au ni lazima watafute fedha za kununua kompyuta yenye tundu la kisasa zaidi. Mimi huwajibu kwa hesabu, kwa sababu hesabu yenyewe ni fupi na inaokoa fedha nyingi.

Tukirekodi kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kila sekunde, na kila sampuli ikiwa na biti 24, maikrofoni moja hutoa biti 1,152,000 kwa sekunde, yaani megabiti 1.15 hivi. Maikrofoni 16 hutoa megabiti 18.4. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, imepewa kasi ya megabiti 480 kwa sekunde, na hata ukiipunguza kwa nusu bado inabaki mara 13 ya kile tunachohitaji. Kikwazo cha kweli kilikuwa USB ya awali, yenye megabiti 12 tu, na naona sifa yake mbaya imewaandama wadogo zake bila haki.

Diski inastahili wasiwasi zaidi kuliko waya. Maikrofoni hizo 16 hujaza gigabaiti 8.3 kwa saa moja (baiti moja ni biti 8), na ingawa diski ya kuzunguka huweza kuandika kiasi hicho, kichwa chake cha kuandikia hulazimika kurukaruka kati ya mafaili 16, na hali huwa ngumu zaidi pale waimbaji wanaposikiliza treki za jana huku wakirekodi za leo. Mwenye fedha kidogo anunue kwanza diski ya SSD, ambayo haina sehemu inayozunguka.

Nilijifunza jambo jingine kwa uchungu nilipokuwa nikirekodi kwaya moja kutoka Ujiji. Kila baada ya dakika chache sauti ilikatika kwa mlio mkavu, nikabadilisha waya, nikabadilisha hata maikrofoni, na waimbaji wakarudia ubeti uleule hadi sauti zikachoka. Kumbe kadi ya sauti na diski ya nje vilikuwa vimechomekwa kwenye kigawanyio kimoja cha USB, vikigombania njia moja. Nilipoichomeka kadi moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta, mlio ule ukakoma. Tangu siku hiyo kadi yangu haigawani tundu na kifaa kingine chochote.

Linalowasumbua waimbaji zaidi, hata hivyo, ni kuchelewa kwa sauti, na hapo kasi ya waya haisaidii kitu. Kompyuta hukusanya sampuli katika bafa, yaani hifadhi ya muda, kabla ya kuzishughulikia, na hufanya hivyo sauti inapoingia na tena inapotoka. Bafa ya sampuli 1,024 huchelewesha kwa milisekunde 21.3 kila upande, jumla karibu 43. Na kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewani, mwimbaji hujisikia kwenye hedifoni kana kwamba anaimba akiwa mita 15 kutoka kwake mwenyewe. Hakuna mtu anayeweza kushika mdundo katika hali hiyo. Kwa bafa ya sampuli 128 kuchelewa hushuka hadi milisekunde 5.3 kwa jumla, ukiacha nyongeza ndogo ya kadi yenyewe, lakini prosesa, ubongo wa kompyuta, hupewa muda mfupi mno wa kumaliza kazi, na ikichelewa mara moja tu, sauti hukatika. Ndiyo maana draiva (programu inayounganisha kadi na kompyuta) iliyotengenezwa na kampuni iliyounda kadi, hasa ya ASIO, aina ya draiva inayopunguza kuchelewa kwa watumiaji wa Windows, ina thamani kuliko tundu jipya.

Hapa kwetu lipo pia suala la umeme. Ukikatika, kompyuta mpakato huendelea kwa betri, lakini nyingi hupunguza kasi ya prosesa ili kutunza chaji, na bafa iliyokuwa ikitosha huanza kukatakata sauti. Kwa hiyo kabla waimbaji hawajaingia, mimi huweka kompyuta kwenye utendaji wa juu hata ikiwa kwenye betri, huzima intaneti, na huweka bafa 128. Wakishaondoka, nikianza kuchanganya, huirudisha 1,024, kwa kuwa wakati huo hakuna tena anayeimba akijisikiliza.