Matumbawe Yakipauka Leo, Samaki Hupungua Miaka Baadaye

Mvuvi huipima hali ya bahari kwa kilo. Baada ya joto kali kupita, kipimo hicho kinaweza kumpoteza kwa miaka.

Mfano ulio wazi ni wa Shelisheli. Mwaka 1998 joto la bahari liliua zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai kuzunguka visiwa vyake vya ndani. Hata hivyo mavuno ya dema, mtego wa kusuka, hayakuporomoka. Mwani ulitanda juu ya mifupa ya matumbawe na tafi (wengine humwita tasi) wakaongezeka kwa kuula. Mzani ulionyesha heri, ingawa siku za kupata na za kukosa zilizidi kupishana. Chini ya maji, samaki wakubwa waliozaliwa kabla ya 1998 walikuwepo bado. Waliokosekana ni wadogo wa kuwarithi.

Kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki hatari huwa kubwa kati ya Februari na Mei, kaskazi inapolegea na kusi haijashika. Upepo hutulia, jua huwa la utosi, na maji ambayo Julai na Agosti huwa nyuzi 25 hivi hufika 30 au kupita. Ndani ya mwili wa tumbawe unaishi mwani mdogo sana unaolipatia sehemu kubwa ya chakula na rangi yake. Maji yakizidi kwa nyuzi 1 tu joto la juu kabisa lililozoeleka mahali hapo, na hali hiyo ikadumu wiki nne au zaidi, tumbawe huutoa mwani huo na kubaki jeupe. Huko ndiko kupauka. Kulitokea kwetu 1998, 2016 na tena 2024.

Tumbawe jeupe linalong'aa bado liko hai, na maji yakipoa mapema hupona. Likiota manyoya ya mwani wa kahawia au kijani, limekufa.

Wa kwanza kupungua ni vitatange wanaokula nyama ya matumbawe. Baadhi yao hutegemea matumbawe ya matawi peke yake, na hayo ndiyo hufa upesi. Wanafuata vifuu na samaki wengine wadogo wanaojificha kwenye matawi hayo. Pigo kubwa zaidi huchelewa. Mfupa wa tumbawe lililokufa hutobolewa na minyoo na sifongo, mawimbi huuvunja, na baada ya miaka mitano, kumi au zaidi mwamba unakuwa kifusi. Mashimo yakishatoweka, wachanga hawana pa kujificha na huliwa kabla ya kukua. Chewa naye hupungukiwa chakula. Kwa kuwa samaki wengi wa miambani huishi miaka mingi, wavuvi huendelea kuvua wazee bila kujua kwamba nyuma yao hakuna wanaokuja.

Joto humwelemea pia samaki mwenyewe. Lita moja ya maji ya bahari yenye nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 6.7 za oksijeni. Kwenye nyuzi 30, takriban 6.2. Wakati huohuo mwili wake, usioweza kujipoza, unadai oksijeni zaidi. Nguvu ambazo zingekwenda kwenye kukua na kutaga huishia kwenye kupumua. Samaki wa karibu na ikweta huathirika zaidi, maana wamezoea joto lisilobadilika sana mwaka mzima na tayari wanaishi karibu na kikomo chao.

Hakuna kijiji kinachoweza kuipoza bahari. Lakini kati ya miamba 21 iliyofuatiliwa Shelisheli baada ya 1998, 12 ilirudi kuwa na matumbawe na 9 ikageuka ya mwani. Iliyorudi ilikuwa hasa ile ya kina kirefu zaidi, yenye mashimo na mabonde mengi, yenye samaki wengi wanaokula mwani, na isiyofikiwa sana na uchafu wenye mbolea. Kina hatuwezi kukibadili, ila mengine yamo mikononi mwetu.

Mwamba ukipauka, pono na kangaja waachwe mahali hapo, kwani ndio wanaokwangua mwani ili matumbawe machanga yapate pa kushika. Kikande pia aachwe: hula urchini, wale viumbe duara wenye miiba, ambao wakizidi huutafuna mwamba wenyewe. Dema liachiwe upenyo wima wa upana wa sentimita 3 hivi pembeni, ili wachanga na samaki bapa wasio na bei watoke. Juya (wavu wa kukokota) na baruti ni marufuku kwa sababu hii pia: tumbawe changa haliwezi kuota juu ya kifusi kinachobiringika. Na eneo lililofungwa lifungwe kweli, kama wanakijiji wa Kuruwitu, Kilifi, Kenya, walivyofanya tangu 2005.

BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, isiandike kilo pekee. Kwa kila mtego au mshipi iandike aina na urefu wa samaki, na kila mwezi mtu mmoja azamie mahali palepale, maji yakiwa maangavu, ahesabu samaki wasiozidi urefu wa kidole wanaozunguka vichwa vya matumbawe. Hesabu hiyo ikishuka huku mzani ukibaki palepale, kikao cha kupunguza uvuvi kiitishwe mwezi huohuo, wazee wa kutaga wakiwa bado wapo.