Denivele si mwinuko

Mwinuko ni kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Denivele ni mita ambazo miguu yenyewe itapanda. Maana yake ni hiyo tu, lakini hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kundi likipanga matembezi, bado tunasikia "Nyiragongo ina denivele ya mita 3,470". Hiyo 3,470 ni mwinuko wa ukingo wa kreta, shimo lililo juu ya volkano hiyo. Njia inaanzia Kibati, ambako tayari ni karibu mita 2,000, kwa hiyo zinabaki kama mita 1,500 za kupanda katika kilomita 8 hivi.

Neno limetoka kwa Wafaransa: dénivelé, ambayo ndani yake mna niveau, usawa. Niveau ya leo ilikuwa livel zamani, kutoka Kilatini libella, mizani ndogo, kisha chombo cha kupimia usawa. Ndiyo nivo ileile fundi anayoiweka juu ya tofali. Denivele basi ni usawa uliovunjika: daima inahitaji nukta mbili. Mwinuko wetu unatokana na kuinuka, na unabeba mambo mawili, mahali palipoinuka na kule kuinuka kwenyewe. "Urefu" ndio unaozidi kuvuruga, maana ni wa barabara na ni wa mlima pia.

Kosa hili huumiza zaidi kwenye makorongo ya jangwani. Chukua njia ya Bright Angel, Grand Canyon, Marekani. Ukingo wa kusini uko kama mita 2,100, mto Colorado kama 750. Anayetazama mwinuko wa mwisho anaona namba ndogo, anawapeleka watoto na wazee. Kumbe denivele inakaribia mita 1,350, pungufu kidogo tu ya ile ya Nyiragongo, na yote inakuja mwishoni, magoti yakiwa yameshachoka kwa kushuka, na wakati wa kiangazi joto la chini hupita digrii 40. Mlimani, aliyechoka anageuka na kushuka. Korongoni hana pa kushukia.

Kanuni ya Naismith ya mwaka 1892, ya kukadiria muda wa matembezi, inatoa saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Korongoni, hesabu kupanda mara mbili ya kushuka: wenye saa sita wageuke baada ya mbili, wakiwa na theluthi mbili za maji bado kwenye chupa. Kwenye Bright Angel, kundi lenye watoto linaweza kuishia kibanda cha kwanza cha kupumzikia, kilomita 2.4 na denivele ya mita 340 hivi. Waliozoea, cha pili, kilomita 4.8 na mita 650 hivi. Hesabu ya kundi ifuate mwendo wa yule wa nyuma kabisa.

Kwa hiyo mwenzako akiuliza "mwinuko wake ni ngapi?", mwulize kwa upole: wa mahali, au wa kupanda? Na kama ni wa kupanda, unakuja asubuhi au jioni?