Je, wajua maziwa ya kiwandani hupashana moto yenyewe kwa yenyewe?

Maziwa ya pakiti unayochukua kwenye friji ya dukani kwa kawaida yamepashwa hadi nyuzi 72 za Selsiasi, yakashikiliwa hapo kwa sekunde 15, kisha yakapozwa hadi nyuzi 4. Huo ndio mtindo wa haraka wa kupasteurisha, yaani kuua vijidudu kwa joto, unaotumiwa na viwanda vikubwa. Vidogo vingi bado hutumia tangi lenye kuta mbili na kwenda taratibu: nyuzi 63 kwa dakika 30. Sasa, maziwa yaliyofika kiwandani yakiwa na nyuzi 4 yameondoka yakiwa na nyuzi 4 zilezile. Ukitazama mwanzo na mwisho tu, hakuna joto lililoongezeka. Hata hivyo boila imechoma mafuta kuyapandisha, na mtambo wa baridi umekula umeme kuyashusha. Je, ni lazima mwenye kiwanda alipie kupanda na alipie tena kushuka?

Si lazima, au tuseme analipia kidogo sana. Kwenye mtambo mzuri boila hugharamia asilimia 5 hadi 10 tu ya ule mpando wa kutoka nyuzi 4 hadi 72. Sehemu iliyobaki hutolewa na maziwa yaliyotangulia, ambayo yametoka motoni na kwa vyovyote yanapaswa kupozwa. Yale ya moto hupita upande mmoja wa bamba jembamba la chuma cha pua, mabichi yaliyo baridi hupita upande wa pili, na joto huvuka. Sehemu hii ya mtambo huitwa ya marejesho, kwa kuwa joto lililokwisha kulipiwa hurudishwa kazini.

Mweleze hivyo mtu anayekumbuka fizikia ya sekondari, na mara nyingi atakubali nusu ya habari. Atakwambia: sawa, yatapashana, ila maziwa ya nyuzi 72 na ya nyuzi 4, kiasi sawa kwa sawa, hukutana katikati, yaani nyuzi 38. Zaidi ya nusu huwezi kurudisha. Asilimia 95 ni maneno ya muuza mitambo.

Hesabu yake haina kosa, na ndiyo maana dhana hii ni sugu. Mimina ya moto na ya baridi kwenye tangi moja na utapata 38 kweli. Hata ukiyatenganisha kwa bamba na kuyapitisha kuelekea upande mmoja, yakiingia pamoja na kutoka pamoja, yatalingana kwenye 38. Kuanzia hapo, hata bamba lingekuwa na urefu wa kilomita nzima, hakuna kitakachobadilika, kwa sababu joto halivuki kati ya vitu vyenye nyuzi sawa. Kwa hiyo mtu akifunga mabomba kwa mpangilio huo na kupima, atapata nusu, na ni rahisi kudhani kwamba nusu ndio mwisho wa mambo.

Kinachobadilisha kila kitu ni kugeuza mkondo mmoja, ili ya moto yaingie upande ambao mabichi yanatokea.

Chukua ngazi ndefu yenye misururu miwili ya watu. Wanaoshuka wameanzia juu, kila mmoja na kikapu cha machungwa 72. Wanaopanda wameanzia chini, kila mmoja na machungwa 4. Kila wanapopishana, mwenye mengi humpa mwenye machache kidogo, na sharti ni moja tu: mtoaji lazima awe na zaidi ya mpokeaji. Aliyeanza kushuka sasa hivi, na kikapu chake kimejaa, anapishana na mtu anayekaribia kumaliza kupanda, ambaye tayari amekusanya 68. Je, anaweza kumpa? Anaweza, 72 ni zaidi ya 68. Katikati ya ngazi mwenye 40 anapishana na mwenye 36. Chini kabisa, mshukaji aliyebakiwa na 8 anapishana na mgeni aliyeingia na 4, na bado ana cha kumpa. Hakuna mahali popote kwenye ngazi ambapo wawili wanaopishana wanalingana, kwa hiyo utoaji hausimami. Mwishowe waliopanda wametoka na 68 na walioshuka wametoka na 8. Laiti misururu yote miwili ingeshuka pamoja bega kwa bega, wangelingana kwenye 38 mapema na kumalizia ngazi kimyakimya.

Sheria ya asili haijavunjwa hata moja. Joto limetoka penye moto kwenda penye baridi kila hatua, na jumla yake haijaongezeka. Jodari, yule samaki wa soko la feri, anautumia mpangilio huohuo: mishipa inayoleta damu baridi kutoka kwenye mashavu hupita sambamba na ile inayotoka na damu ya moto kwenye misuli, mikondo ikipishana, na joto la misuli hubaki mwilini badala ya kumwagikia baharini.

Kwa upande wa chuma, mtambo tunaoujua leo ulibuniwa na Richard Seligman huko Uingereza mwaka 1923. Uko hivi: mabamba membamba, unene wake haufiki milimita moja, yametundikwa kwenye reli na kubanwa pamoja kwa boliti ndefu kama kurasa za kitabu. Uwazi kati ya bamba na bamba ni milimita chache tu. Pembeni mwa kila bamba kuna gasketi ya mpira iliyokatwa kwa namna ya kuruhusu maziwa mabichi yaingie uwazi wa kwanza, wa tatu na wa tano, na yaliyopasteurishwa yaingie wa pili, wa nne na wa sita. Uso wa bamba una mikunjo ya mshazari, ili maziwa yavurugike yanapopita. Yakitiririka yametulia, tabaka linalogusa chuma hukaa palepale na kuziba joto.

Sasa fedha. Tuchukue mtambo wa mfano unaopitisha lita 10,000 kwa saa. Kuzitoa nyuzi 4 hadi 72 bila marejesho kunadai takriban kilowati 760 za joto. Marejesho yakiwa asilimia 85, boila inabakiwa na kilowati 114. Yakipanda hadi 95, inabakiwa na 38. Tofauti ni kilowati 76. Kwa boila ya dizeli inayofanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 80, hiyo ni karibu lita 9.5 kila saa. Kiwanda kikikimbia saa 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni lita zipatazo 22,800. Zidisha kwa bei ya dizeli ya mjini kwako.

Wengi huishia hapo, na kwa kuishia hapo wameacha nusu ya hesabu. Joto ambalo maziwa mabichi yamelichukua ni joto ambalo mtambo wa baridi haulazimiki tena kuliondoa. Kwenye asilimia 85, maziwa yaliyopasteurishwa hutoka kwenye marejesho yakiwa na nyuzi 14 hivi. Kwenye 95 hutoka na nyuzi 7 na kitu. Kilowati 76 zilezile zinaokolewa mara ya pili, safari hii upande wa friji. Mtambo wa baridi ukihamisha kilowati 3 za joto kwa kila kilowati moja ya umeme, kadirio la kawaida ingawa mitambo hutofautiana sana, bili ya umeme inapungua kwa karibu yuniti 60,000 kwa mwaka. Kipande kimoja cha chuma kisichozunguka wala kuunguruma kinakata bili mbili kwa mpigo.

Mbona basi watu hawaendi hadi 99? Kwa sababu kadiri pengo la nyuzi kati ya mikondo miwili linavyopungua, ndivyo joto linavyovuka kwa uvivu, na uvivu huo hufidiwa kwa eneo la chuma. Tuseme marejesho ya asilimia 85 yanahitaji mabamba 100. Asilimia 90 itahitaji kama 159, na 95 itahitaji kama 335. Hatua ya kwanza ya asilimia 5 ina faida sawasawa na ya pili, kilowati 38 kila moja, lakini ya kwanza imegharimu mabamba 59 na ya pili 176. Ukitaka kufika 97, ongeza mengine zaidi ya 230 ili uokoe kilowati 15. Hesabu hii inachukulia kwamba kila bamba linapitisha joto kwa urahisi uleule, na kiwandani si hivyo kila siku.

Maziwa huacha utando. Yakipita nyuzi 65 au 70, protini zake huanza kugeuka na kunata, na chumvi za kalsiamu, ambazo kinyume na chumvi ya mezani huyeyuka vibaya zaidi penye moto, hujenga ukoko mgumu. Ndiyo sababu mtambo huoshwa kwa kostiki (soda kali) kisha kwa asidi. Kiwanda kinachoosha vibaya kinaweza kununua mabamba mapya na kubaki na marejesho ya zamani. Mara nyingine la busara zaidi ni kusoma kwanza vipimajoto viwili vilivyopo tayari: mabichi yanaingia na nyuzi ngapi, na yanatoka kwenye marejesho na ngapi. Yakitoka na 60 pale ambapo mtambo ulipokuwa mpya yalitoka na 66, tatizo huenda ni ukoko, wala si uchache wa mabamba.

Saa za kazi nazo zina neno. Mabamba hayana bei nafuu kwa kiwanda kinachokimbia saa 3, lakini faida yake ni ya saa 3. Huku kwetu kiangazi hupunguza maziwa, na mtambo uliopigiwa hesabu wakati wa mvua unaweza kukaa nusu siku bila kazi Septemba. Anayechoma kuni au pumba za kahawa pia atarudisha fedha zake polepole kuliko anayechoma dizeli, kwa joto lilelile.

Halafu kuna pampu. Ndani ya sehemu ya marejesho, maziwa yaliyopasteurishwa yanapaswa kuwa na mgandamizo mkubwa kuliko mabichi, ili bamba likitoboka, yaliyo safi ndiyo yavujie kwenye mabichi, kamwe yasiwe mabichi kwenye safi. Mabamba ya ziada huweza kubadilisha migandamizo hiyo, na mara nyingine hulazimu pampu ya kusaidia upande uliopasteurishwa. Fremu ikiwa na nafasi, kuongeza mabamba ni kazi ya kulegeza boliti, kupanga na kubana upya. Ikiwa imejaa, utanunua fremu nyingine, na miaka ya kurudisha fedha itahesabiwa upya kuanzia hapo, pampu ikiwamo.