Elektrodi si kipande cha chuma tu

Mbolea ya urea huanzia kwenye amonia, na amonia huanzia kwenye hidrojeni, ambayo mpaka leo nyingi hutolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Elektrolaiza ni mtambo unaoipata hidrojeni kwa kupitisha umeme kwenye maji. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaujadili umeme na kuisahau elektrodi, kipande kinachoupitisha umeme huo ndani ya maji. Hizi hapa ni dhana nne potofu kuihusu.

Dhana: Mradi umeme unapita, chuma chochote kitafanya kazi.

Kwa hesabu za kemia, maji huanza kutengana kwa volti 1.23. Mitambo halisi hutumia karibu 1.8 hadi 2. Ndiyo maana kilo moja ya hidrojeni hula uniti 50 hadi 55 za umeme, ilhali nishati iliyomo ndani yake ni uniti 39 hivi. Upotevu mkubwa uko upande wa anodi, yaani elektrodi chanya, inakotoka oksijeni, na chuma ulichochagua huupunguza au kuuongeza.

Dhana: Chuma ghali ndicho bora.

Mitambo ya alkali inatumia nikeli, ambayo si ghali hivyo. Iridiamu, chuma ghali na adimu, inahitajika kwenye mitambo yenye asidi, lakini dunia nzima huchimba tani chache tu kwa mwaka. Kazi ya mbunifu ni kuipaka nyembamba kadiri inavyowezekana.

Dhana: Matundu mengi, hidrojeni nyingi.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Tazama sufuria ya maji ikikaribia kuchemka: viputo hung'ang'ania chini kabla ya kupanda. Kwenye elektrodi ni hivyo hivyo, na pale kiputo kilipong'ang'ania, maji hayagusi chuma. Vitundu vyembamba na virefu hujaa gesi, na eneo lote ulilolipia likalala bure. Elektrodi nzuri ina vitundu vidogo vya kuongeza eneo na njia pana za kutolea gesi, na uso wake hupenda maji ili viputo viachie vikiwa bado vidogo.

Dhana: Ikifaulu maabara, imefaulu.

Kiwanda kinadai makumi ya maelfu ya saa, na umeme wa jua huwaka na kuzimika. Kila mtambo unapozimwa, mkondo waweza kurudi nyuma na kuichakaza elektrodi. Viwanda vya klorini na magadi ya sabuni, ambavyo pia hutumia elektrodi, vilijifunza zamani kwamba elektrodi lazima idumu. Anodi zao za grafaiti zililika, nafasi kati ya elektrodi ikapanuka, umeme uliotumika ukaongezeka. Katika miaka ya 1960 mvumbuzi Henri Beer alipaka chuma cha titani oksidi ya rutheniamu, na anodi hiyo haikulika tena kama grafaiti.