Tarbushi si dini, tepe si ukapteni: tunavyokosea kusoma picha za askari wa zamani

Kwenye matanga ya mzee mmoja wa ukoo wetu, huko Katuba, Lubumbashi, picha ilitolewa kwenye bahasha ya kaki ikaanza kupita mkono kwa mkono. Kijana amesimama wima, tarbushi kichwani, koti limefungwa hadi shingoni, tepe mkononi, miguu haina viatu. Binamu yangu akasema kwa fahari: "Uyu ni nkambo. Alikuwaka kapiteni wakati ya wazungu." Nkambo, yaani babu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Sikusema kitu, kwa sababu kilio si mahali pa kubishana. Siku chache baadaye nilimwomba mama mwenye bahasha ruhusa ya kuiskani picha ile, nikaikuza kwenye kompyuta, nikaitazama kipande kwa kipande.

Tangu hapo nimetazama picha nyingi za ndugu na majirani, na makosa yanayosemwa juu yake ni yale yale. Nayaandika kwa kuwa kosa likishaandikwa kwa kalamu nyuma ya picha, wajukuu wataliamini kuliko mtu yeyote aliye hai.

"Amevaa tarbushi, basi alikuwa Mwislamu."

Hili nalisikia kuliko yote. Kuna familia ambazo, kwa sababu ya kofia tu, zimejitafutia babu wa kutoka Kasongo, mji wenye Waislamu wengi huko Maniema, mashariki mwa Kongo, na jina la Kiislamu ambalo hakuwahi kuitwa.

Tarbushi ilikuwa sare. Force Publique, jeshi lililoanzishwa Kongo na utawala wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, katika miaka ya 1880 na kudumu hadi 1960, liliwavika askari wake tarbushi nyekundu bila kuuliza dini ya mtu. Mkatoliki wa misheni aliivaa sawasawa na Mwislamu wa Maniema. Upande wa pili wa ziwa Tanganyika, askari wa Wajerumani nao walivaa tarbushi, ila yao ilikuwa ya kaki, mara nyingi na nembo ya tai mbele na kitambaa cha kukinga shingo nyuma. Askari wa Waingereza wa King's African Rifles pia walikuwa na tarbushi zao. Basi usiulize kwanza kama kuna tarbushi. Tazama ina nini juu yake: tai, namba, kitambaa, au haina kitu. Tai akionekana, huenda mzee wako alikuwa upande ule ambao Force Publique ilipigana nao hadi kuingia Tabora mnamo Septemba 1916, na hapo hadithi yote ya familia inageuka.

"Tarbushi hii ni nyeusi, na ya Force Publique ilikuwa nyekundu. Si yeye."

Hapa nawaomba msomaji na familia yake wasiharakishe. Picha za zamani za nyeusi na nyeupe hazikuona rangi kama jicho linavyoziona. Filamu na vioo vya picha vilivyotumika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 havikuweza kuhisi nyekundu hata kidogo. Mwanga wa nyekundu ulipovifikia, kwavyo ulikuwa kama giza. Kwa hiyo tarbushi nyekundu hutoka nyeusi tii. Buluu, kinyume chake, hutoka nyepesi kuliko ilivyokuwa. Filamu zinazohisi rangi zote zilienea polepole katika miaka ya 1920 na 1930, na mpiga picha wa mtaani hakuwa lazima azitumie mara zilipotoka.

Matokeo yake ni makubwa. Kabla ya vita vya 1914 askari wa Force Publique walivaa sare ya buluu pamoja na mshipi mwekundu kiunoni. Kaki ilichukua nafasi ya buluu wakati wa vita vile. Kwenye picha, buluu iliyopauka inaweza kufanana kabisa na kaki, na mshipi mwekundu ukaonekana kama mkanda wa ngozi nyeusi. Mtu anayesema "hii ni kaki, kwa hiyo ni baada ya 1915" amesoma kemia ya filamu akidhani anasoma kitambaa.

Hata ngozi ya mtu huathirika. Ngozi ya kahawia ina wekundu ndani yake, na filamu ile iliutia weusi. Shangazi yangu amekuwa akisema miaka yote kwamba nkambo alikuwa mweusi kuliko watoto wake wote. Huenda hakuwa.

"Alikuwa ofisa wakati wa Wabelgiji."

Hapana. Nasema hivi bila kusitasita kwa sababu jambo lenyewe liliuma watu na ndilo lililowasha moto wa 1960. Katika Force Publique maofisa wote walikuwa Wazungu. Mkongomani aliweza kupanda hadi sajini-meja, na karibu na uhuru wachache wakafika kwenye cheo cha adjuda, kilicho juu ya sajini-meja lakini chini ya ofisa. Hapo ndipo ngazi ilipoishia. Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, kamanda wa jeshi, Jenerali Janssens, aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Uasi ulianza tarehe 5 Julai. Siku chache tu baadaye Victor Lundula akawa jenerali, na Joseph Mobutu, aliyewahi kuwa sajini katika jeshi lile lile, akawa kanali.

Kwa hiyo tazama alama ziko wapi. Tepe zenye umbo la V mkononi ni alama za vyeo vya chini, na katika majeshi mengine zinaweza hata kuhesabu muda wa utumishi au tabia njema. Nyota za begani kwa mtindo wa Kibelgiji ni za maofisa: moja kwa luteni usu, mbili kwa luteni, tatu kwa kapteni. Picha ya Mkongomani mwenye nyota mbili au tatu za begani ni ya baada ya Julai 1960, hata ikiwa karatasi imechakaa kiasi gani. Nkambo wa Katuba ana tepe mkononi na mabega matupu. Kwa nyakati zile tepe hizo zilikuwa kazi ya miaka, na sioni aibu yoyote ya kuziita kwa jina lake.

"Hana viatu, basi alikuwa mpagazi tu."

Askari wa Force Publique walienda vitani bila viatu kwa miaka mingi, na picha za kampeni ya 1914 hadi 1916 zinawaonyesha hivyo wakiwa na bunduki begani. Miguu mitupu haimtoi mtu jeshini.

Neno "tu" ndilo linaloniudhi zaidi. Wapagazi zaidi ya 200,000 walichukuliwa Kongo kwa ajili ya vita vile, wakabeba risasi na vyakula kupita milima na mabwawa, na wengi hawakurudi. Hawakupewa sare, kwa hiyo hawapo kwenye bahasha zetu. Familia inayosema "babu yetu alifika Tabora" ilhali haina picha wala nishani, huenda inasema kweli tupu.

"Nishani ya shingoni ni ya ushujaa vitani."

Tazama inaning'inia wapi. Nishani za askari hubanwa kifuani upande wa kushoto, kwa utepe mfupi. Nishani kubwa ya duara iliyotundikwa shingoni, hasa kwa mtu mzima aliyekaa kwenye kiti huku wengine wamesimama, mara nyingi ni ile waliyopewa machifu waliotambuliwa na serikali ya kikoloni. Ndiyo maana waliitwa machifu wa medali. Koti lao huenda likafanana na la jeshi, lakini kazi yao ilikuwa nyingine kabisa: kodi, barabara, kutoa watu wa kazi. Ukikuta nishani ya kifuani yenye kibao kidogo cha chuma juu ya utepe, ikuze uwezavyo. Neno kama ABYSSINIE, yaani Ethiopia, juu yake lingekupeleka kwenye kampeni ya 1941, wakati Force Publique ilipoteka Asosa na Gambela na Waitaliano wakasalimu amri huko Saio mwezi Julai.

"Nishani ziko kulia, basi ni za bandia."

Picha imechapishwa kinyume. Koti la mwanamume hufunga upande wa kushoto juu ya wa kulia. Ukiona vifungo vimegeuka pamoja na nishani, igeuze picha kwenye kompyuta, kila kitu kitarudi mahali pake.

"Nyuma imeandikwa Kilingala, basi si wa kwetu Katanga."

Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi, na askari walichanganywa makabila kwa makusudi na kupelekwa mbali na kwao. Kijana wa Katanga aliandika Kilingala kwa kuwa ndicho alichoamrishwa nacho kila asubuhi.

"Aliyevaa sare ni askari."

Kwa mji kama huu dhana hii ni hatari. Walinzi wa Union Minière, kampuni ya migodi, wafanyakazi wa reli ya BCK, polisi, maskauti, wapiga tarumbeta wa fanfari ya misheni, wote walikuwa na vifungo vya kung'aa na mikanda. Kofia yenye ukingo na herufi mbele inahitaji kukuzwa kabla ya kupewa vita. Studio nazo zilikuwa na nguo za kuazima, na kijana aliyetaka kumpendeza mchumba hakuona ubaya wa kuvaa koti la mwenzake.

"Hapa begani panya walikula."

Picha hii ya mwisho ni ya nyumbani kwetu. Mjomba amekaa, bereti imeinama upande, na begani pana tundu. Tuliambiwa ni panya. Lakini panya huanzia pembeni mwa karatasi na kuacha ukingo uliochanika. Tundu hili liko katikati, na lina pembe nne zilizonyooka. Ni mkasi.

Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960 hadi Januari 1963, na jeshi lake, zhandarmeri, lilikuwa na alama zake. Misalaba ya shaba, ile iliyokuwa fedha ya mababu zetu, ilikuwa kwenye bendera na ikawa alama ya nchi nzima. Baada ya 1963 wengi wa askari wale walivukia Angola, na watu waliotoka huko ndio walioingia jimbo la Shaba, jina la Katanga wakati huo, mwaka 1977 na tena Kolwezi mwaka 1978. Mtu aliyekutwa na misalaba ile kwenye albamu katika miaka hiyo alikuwa na maswali ya kujibu.

Nilimpelekea mama mkubwa picha hiyo, nikamwonyesha pembe za tundu kwenye kioo cha kukuzia. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Ni miye nilikata. Nilitaka abakie na uso." Akaniambia jina la mjomba lote, pamoja na mwezi aliotoka nyumbani.

Nimeliandika kwa penseli nyuma ya picha, na chini yake nimeandika ni nani aliyekata na kwa nini. Tundu nimeliacha lilivyo.